Masango, udodi na sambo: waya wa vikuku vya zamani ulitoka wapi, na unavutwaje?

Shaba_Mbichi

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa uhunzi na vito vya kale. Nataka kutengeneza sambo za miguuni na kitindi kimoja cha mkononi, vya mtindo wa enzi za misafara, bila ule mwonekano wa vitu vya kuuzia watalii. Nimekwama penye mambo matatu.

Kwanza, waya wenyewe. Wapo wanaosema wote uliletwa kwa meli ukapandishwa bara na wapagazi. Wengine wanashikilia kwamba wahunzi wetu walivuta wenyewe. Kipi ni kweli?

Pili, waya wa sambo ni mwembamba kama uzi, na sango, ule waya mnene wa misafara, linakaribia unene wa penseli. Kutoka huku kwenda kule njia ni ipi?

Tatu, nikishika kikuku cha zamani, nitajuaje kama waya wake ulifuliwa kwa nyundo, ulivutwa na mhunzi, au ni wa kiwandani?

Nina jiliwa, koleo, tupa na jiko la mkaa lenye feni. Chamburo, lile bamba la matundu la kuvutia waya, sina.

---

Mzee_wa_Fuawe

Pande zote mbili zina haki, ila kila moja inasema habari yake. Tenganisha madini na waya.

Shaba ya manjano haikuwahi kuyeyushwa huku kwetu kutokana na mawe, kwa kuwa inataka zinki. Kwa hiyo kikuku chochote cha manjano cha karne ya 19 kina madini yaliyovuka bahari. Shaba nyekundu ni habari nyingine. Hiyo ilichimbwa na kuyeyushwa Katanga, kusini mwa Kongo, na maeneo ya jirani kwa karne nyingi, na katika makaburi ya Sanga, bonde la Upemba, kuna mapambo ya shaba ya zamani sana kuliko msafara wowote wa pwani. Chuma nacho kiliyeyushwa sehemu nyingi.

Sasa waya. Misafara ya Zanzibar ilibeba mizigo ya aina tatu kuu: nguo, shanga na masango. Stanley, yule msafiri wa Kizungu, alipokuwa akifunga mizigo Zanzibar mwaka 1871 alishauriwa achukue frasila 10 za waya wa shaba ya manjano, yaani ratili 350, karibu kilo 159. Ulikuwa wa namba 5 na 6, ambao kwa vipimo vya siku hizi ni milimita 5 na ushei. Alielezwa kwamba ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya ndiyo dhahabu ya biashara. Mpagazi wa masango aliyafunga mafundo mawili kwenye ncha za mti akaubeba begani, mzega hasa.

Lakini sango halikuwa pambo lililokwisha. Lilikuwa malighafi, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Likifika bara, ama lilikunjwa vilevile nene likawa kitindi, ama lilikwenda kwa mhunzi akalivuta likawa udodi, uzi wa kuzungushia sambo. Piga hesabu: ukiupunguza waya kutoka kipenyo cha mm 5 hadi mm 0.5, eneo la mkato linapungua mara 100, kwa hiyo mita 1 ya sango inazaa mita 100 za udodi. Thamani aliiongeza mhunzi wa bara. Hakuiongeza mwenye duka wa pwani.

Na ufundi wa kuvuta haukuja na misafara hiyo. Ingombe Ilede, kwenye Zambezi upande wa Zambia, makaburi yaliyogunduliwa mwaka 1960 yalikuwa na vyamburo vya chuma, koleo, nyundo na bangili za waya wa shaba, miaka mia kadhaa kabla ya Stanley kuzaliwa. Huko Katanga wanaojulikana kwa kuvuta waya wa shaba ni Bayeke, watu wa mtawala Msiri, ambao asili yao ni Usumbwa na Unyamwezi. Tena shaba yao ni ya palepale, haikupita forodha yoyote.

---

Mtaa_wa_Masonara

Mzee amemaliza ya bara. Niongeze ya pwani na ya maneno, maana naona watu wanayachanganya.

Sango ni waya mnene. Udodi ni waya mwembamba, na pia kikuku kilichotokana nao. Seng'enge ni waya kwa jumla, hasa wa chuma; leo wengi wakilisikia wanafikiria ua wa miiba. Sambo ni pete ya mguuni iliyozungushiwa waya juu ya singa, yaani nywele za mkia wa mnyama. Kitindi ni waya mnene uliokunjwa kama springi kufuata mkono.

Chamburo ni bamba la chuma lenye matundu ya kuvutia waya. Neno limo kwenye kamusi za Kiswahili za zamani, na lilikaa kwenye ulimi wa sonara tangu hapo. Sonara wa Lamu na Unguja alivuta fedha. Malighafi yake ya kawaida ilikuwa riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha, ile yenye mwaka 1780 hata kama imepigwa juzi. Uzito wake ni gramu 28 na nukta kidogo, fedha sehemu 833 kwa 1000, iliyobaki shaba. Riale moja ikivutwa yote hadi mm 0.3 inatoa karibu mita 39 za uzi.

Tofauti ya kazi: sonara anasuka nyuzi 2, anazibamiza kidogo, anazikunja maua, anatia lehemu. Mhunzi wa sambo hatii lehemu hata tone. Ukiona sambo yenye lehemu penye maungio, hiyo imetengenezwa au kukarabatiwa na mtu wa benchi jingine.

---

Koleo_Moja

Mkuu Shaba_Mbichi, nijibu lile la pili kwa vipimo.

Chamburo. Tafuta jani la springi ya gari, unene wa mm 6 hadi 8. Lipashe liwe jekundu kama nyanya mbivu, lifukie kwenye majivu makavu usiku kucha lilegee. Usitoboe kwa keekee peke yake. Keekee inatoa tundu lililonyooka kama bomba, na tundu la namna hiyo halivuti waya, linaukwangua; utaona chenga za shaba zinamwagika mlangoni. Tundu linalotakiwa lina umbo la faneli: pana nyuma, jembamba mbele. Chonga tindo mwembamba wenye ncha ndefu ya duara, lipashe bamba moto, piga kutoka nyuma mpaka mbele pavimbe, kisha sawazisha uvimbe kwa tupa mpaka ncha itokeze tundu. Malizia kwa kijiti chenye mafuta na unga wa msasa laini, ukizungusha ndani hadi pang'ae. Mikwaruzo ya tundu ndiyo mikwaruzo ya waya.

Kwa shaba si lazima ulifanye bamba liwe gumu kwa kulitosa kwenye mafuta likiwa la moto. Likiwa laini matundu yatapanuka, ndiyo, lakini unayarudisha: unapiga nyundo kuzunguka mdomo wa tundu upande wa mbele mpaka linajifunga, unapitisha tindo tena. Ndivyo bamba moja lilivyodumu miaka.

Hatua za matundu. Kila tundu lipunguze kipenyo kwa sehemu 1 ya 10, si zaidi. Kutoka mm 5 hadi 0.5 ni matundu 22. Usianze hapo! Kuvuta waya wa mm 5 kunataka nguvu ya zaidi ya kilo 100 kwa mvuto mmoja, na mkono wa mtu mmoja hauna. Ndiyo maana wahunzi walianza na nyundo: ufue sango liwe pembe nne, kisha pembe nane, kisha duara la mm 3 hivi. Kutoka hapo ni matundu 17.

Ncha ichonge kwa tupa urefu wa sm 3 ili ipenye na koleo ipate pa kuuma. Paka nta ya nyuki au mafuta ya ng'ombe kila tundu. Vuta kwa mwendo mmoja, bila kusimama katikati, sambamba na tundu. Ukivuta kwa upande waya unatoka umejikunja kama nywele.

Kupasha moto. Kila baada ya matundu 3 au 4 waya umekuwa mgumu, unalia ukiukunja. Uviringe kitita kilegevu, funga kwa waya wa chuma, upashe hadi wekundu wa kiza unaoonekana kivulini tu. Shaba nyekundu unaweza kuitosa majini hapohapo. Ya manjano iache mpaka wekundu upotee, ndiyo uitose. Ondoa weusi kwa maji ya ukwaju au ndimu na chumvi, suuza vizuri, kausha. Chumvi ikibaki inakula tundu la chamburo.

Tahadhari moja: shaba ya manjano ikitoa moshi mweupe, umeipitisha moto. Hiyo ni zinki inaungua. Moshi wake unaleta homa usiku, na waya unabaki na ngozi nyekundu inayopasuka kwenye tundu linalofuata. Fanya kazi penye upepo.

---

Shaba_Mbichi

Ahsanteni sana. Nimeazima chamburo na kujaribu waya wa umeme ulioandikwa 1.5. Unakatika tundu la tano, kila mara karibu na ncha. Na kipande kingine cha manjano kimepasuka kwa urefu kama mua. Nakosea wapi?

---

Koleo_Moja

Makosa mawili tofauti hayo.

Huo wa umeme: 1.5 ni milimita za mraba za mkato, si kipenyo. Kipenyo chake ni mm 1.38, kama ni waya mmoja mzima na si ule wa nyuzi 7. Uliposoma 1.5 ukaanzia tundu la 1.35 ukidhani unapunguza sehemu 1 ya 10, tundu hilo lilikuwa karibu kupita bure. Sidhani ndilo lililokukatia. Kukatika karibu na ncha katika tundu la tano ni dalili ya waya uliochoka: ulipita matundu manne na kuingia la tano bila moto. Tena ncha imefinywa na meno ya koleo mara tano, pana nyufa. Pasha moto baada ya tundu la tatu, kata sm 3 za mbele, chonga ncha mpya. Ndiyo, unapoteza. Weka hesabuni: ncha hizo zinakula sehemu ndogo ya waya mnene lakini si ndogo ukianza na kipande cha nusu mita. Anza na mita 2 au zaidi.

Wa manjano uliopasuka kama mua: ama una madini ya risasi ndani, kama fito za kukereza vipuri na koki, ama uliufua ukaukunja ngozi juu ya ngozi. Shaba yenye risasi inakerezwa vizuri ila haivutiki. Jaribu kuukunja baridi baada ya kuulegeza: ukivunjika na kuonyesha chembe za kijivu, utupe. Na usinunue waya wa kusuka mota kwa kazi hii. Una vanishi, na vanishi hiyo ikiungua kwenye mkaa moshi wake ni mbaya kuliko wa zinki.

Kwa mazoezi chukua waya mweusi wa kufungia nondo. Umeshalegezwa kiwandani, bei yake ndogo, na unakufundisha mkono kabla hujaharibu shaba.

---

Kioo_cha_Kukuzia

Lile la tatu bado halijajibiwa. Unahitaji kioo kinachokuza mara 10 na kalipa, hakuna zaidi.

Zungusha waya chini ya taa ya pembeni. Ukiona mfereji mmoja unaouzunguka waya kama mzabibu, huo ulikuwa ukanda mwembamba wa madini uliosokotwa, kisha ukaviringishwa kati ya vitu viwili bapa. Ni njia ya kale sana, Misri ya Mafarao waliijua. Ukiona sura bapa bapa na kipenyo kinachopanda na kushuka, mm 2.1 hapa na 2.5 pale, umefuliwa. Ukiona mistari iliyonyooka sambamba na urefu wa waya, umevutwa.

Mistari hiyo haikuambii nani kauvuta. Kiwanda nacho kinavuta. Pima sehemu kumi, tena kila sehemu pima mara mbili kwa kugeuza robo mzunguko. Waya wa kiwanda unarudia kipimo kilekile. Wa chamburo la kienyeji mara nyingi si duara kamili, kwa sababu tundu lililofungwa kwa nyundo linabaki na umbo la yai, na kasoro hiyohiyo inafuata waya mwanzo hadi mwisho.

Usihukumu kwa uzee wa rangi. Mkojo na samadi vinaizeesha shaba kwa wiki moja, na wauzaji wanalijua hilo.

---

Mzee_wa_Fuawe

Nikubaliane na Kioo, niongeze kitu kimoja kuhusu chuma. Kwa vikuku vya Kimasai, Kinandi na Kikamba vya mwisho wa karne ya 19, swali la kiwanda au mhunzi lina jibu la tatu: waya wa telegrafu, ile simu ya maandishi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu Desemba 1901, na waya wa telegrafu ukaenda sambamba nayo. Wanandi, waliokuwa vitani na Waingereza tangu 1895 hadi 1905, walikuwa wakiukata mara kwa mara. Waya ulikuwa pambo, na boliti za reli zilikuwa silaha. Kwa hiyo kikuku chenye waya wa kiwandani uliolingana kila mahali si lazima kiwe bandia. Huenda ni cha 1900 kabisa.

Kwa Wamasai wahunzi ni kundi lao, Ilkunono, na waya mnene wa chuma ulizungushwa moja kwa moja kwenye mkono au mguu wa mvaaji. Haukuvuliwa jioni.

---

Singa_na_Udodi

Sasa sambo yenyewe, maana bado tunavuta tu.

Moyo wa ndani ulikuwa singa za mkia: ng'ombe, twiga, tembo. Tumia za ng'ombe, hizo nyingine zitakupeleka mahakamani. Watu wengi wanaofanya mfano wanaweka katani, na kwa sambo ya miaka ya 1850 ni kosa la tarehe: mkonge wa mashambani uliletwa Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1893. Ukitaka nyuzi za mmea, tumia za mkonge wa porini (sansevieria), ambao ni mmea mwingine.

Osha singa kwa sabuni, kausha, panga kitita cha mm 2. Funga ncha zote mbili kwenye vigingi viwili, kaza mpaka kitita kilie kikiguswa. Udodi uwe wa mm 0.5, umelegezwa kwa moto mara ya mwisho. Ukiwa mgumu hautalala, utaruka. Zungusha ukiuminya mzunguko kwa mzunguko kwa ukucha wa dole gumba.

Mahitaji kwa mguu wenye mzingo wa sm 24: mizunguko 480, kila mmoja unakula mm 7.85, jumla mita 3.8, uzito gramu 6 na kidogo. Urefu uliozungushwa uwe sawa na mzingo wa upande wa ndani wa pete, si wa katikati. Ukiikunja, upande wa ndani waya umeshabanana na hauwezi kujibana zaidi, kwa hiyo ni upande wa nje unaofunguka. Wanaopima katikati wanaishia na sambo kubwa inayozunguka mguuni.

Acha singa tupu sm 3 kila upande. Zilaze pamoja zikipishana, punguza nusu ya singa kila upande ili pasivimbe, kisha funika kwa mizunguko ya mwisho ya waya uleule. Ncha ya waya ichomeke ndani kwa sindano ya kushonea magunia. Hapo ndipo sambo za haraka zinapojulikana: fundi amezungusha springi kwenye msumari halafu kapitisha uzi katikati. Bonyeza kwa vidole. Ikiteleza juu ya moyo wake, ni hiyo.

Kitindi ni rahisi zaidi. Sango la mm 5 lililolegezwa, lizungushe kwenye gogo gumu. Gogo liwe jembamba kuliko mkono kwa sehemu 1 ya 10 au zaidi kidogo, kwa sababu shaba itafunguka ukiiachia. Kwa kipenyo cha ndani cha sm 6 na mizunguko 18, andaa mita 3.7, kitapima kama gramu 610 na kufunika sm 9 za mkono. Ncha zifue ziwe bapa na uzitie tupa, la sivyo zitakula ngozi.

---

Shaba_Mbichi

Nimeelewa la mzingo wa ndani, ndiyo maana zangu zilikuwa zinapwaya. Swali dogo la mwisho: kabla ya kukunja, singa nizipake nta?

---

Singa_na_Udodi

Kidogo sana, kwa vidole, ili zisitawanyike. Nta ikizidi inatoka kati ya mizunguko siku ya jua na kushika vumbi, na waya unaanza kuteleza.